Aliyezungumza Nami Taratibu

9 Januari

Kaka yangu,

Shikamoo. Habari za siku, na habari za hilo sikio? Wifi anaendeleaje na macho? Huku sote tu wazima, yaani mimi na kuta nne za chumba changu, maana ndiyo familia niliyo nayo hapa juu ya duka la magodoro. Mpangaji wa chumba cha pili amenunua kinanda na hajui kukipiga. Hilo ndilo jipya.

Kazini bado niko kwenye kile chumba cha simu. Tuko sitini, kila mmoja amevishwa vidude vya kusikilizia, tunawajibu wateja wa benki tangu asubuhi. Kila mteja tumempimia dakika nne. Ikiingia ya tano, taa nyekundu inawaka juu ya meza na msimamizi anageuka kukutazama. Nilipokuwa mdogo uliniita Chiriku kwa sababu sikujua kunyamaza. Sasa nalipwa kwa domo hilohilo, ila kwa dakika nne nne.

Kilichonikalisha kuandika ni hiki. Nilipokuja mwezi uliopita nilikuona ukitoka alfajiri na ule mfuko wa plastiki wenye ankara, wifi amekushika mkono. Foleni ya maji, foleni ya umeme, foleni ya kodi ya kiwanja. Mlirudi saa nane mchana mmekauka midomo. Wifi alijikwaa kwenye ngazi za ofisi ya umeme kwa sababu jicho la kulia halioni tena pembeni, wewe ukaniambia eti ni viatu. Kaka, mimi si mtoto.

Yote hayo yanalipika kwa simu ukiwa umekaa kitandani. Na zile pesa za upasuaji wa macho, mlizozibanabana miaka mitatu kwenye sanduku la nguo, ziweke kwenye benki yetu. Mwizi akivunja mlango aambulie mashuka. Nimekuandikia hatua zote kwenye karatasi ya pili, kwa herufi kubwa. Ningekueleza kwa simu, lakini unajua mimi na wewe kwenye simu tunaishia kugombana.

Fanya hivyo kwa ajili ya wifi. Na ukijiandikisha, pale wanapouliza nani amekuelekeza, andika jina langu.

Mdogo wako,
Chiriku

30 Januari

Chiriku,

Marahaba. Barua imefika imelowa pembeni, lakini maneno yalikuwa makavu kama kawaida yako. Sikio la kushoto limekwisha kabisa, la kulia linajikongoja. Daktari anasema ni zile pampu zilizokuwa zikinguruma nyuma ya ofisi yetu. Wifi yako anakusalimu. Amemaliza magauni manne ya harusi ya watu, na kazi ya kutunga uzi sasa ni yangu. Mtu mzima mimi, niliyekuwa nikiogopwa na mtaa mzima, nashinda nachungulia tundu la sindano.

Haya, hilo la simu. Miaka ishirini na nane nilikaa nyuma ya dirisha la idara ya maji. Mtu anakuja, ananitazama usoni, anasukuma pesa chini ya kioo. Nahesabu mbele yake, nagonga muhuri, anachukua karatasi yake anakwenda. Hadi sokoni waliniita Bwana Muhuri. Kuna bibi mmoja hakujua kusoma. Kila mwezi aliniuliza, "Nimelipa?" Namwambia umelipa, mama. Ananikazia macho kidogo, kisha anaondoka. Mimi nikiibonyeza simu nitamkazia macho nani?

Lakini daktari wa macho ametupa tarehe, 21 Mei. Amesema hii presha ya macho inakula polepole, haiumi, na ilichokula hakirudi. Upasuaji ni wa kuizuia isile zaidi. Wifi yako aliposikia tarehe alitoka nje kuanua nguo ambazo hazijakauka. Basi nitajaribu. Usidhani nimeiamini hiyo simu. Nimekuamini wewe.

Kaka yako,
Muhuri

16 Februari

Kaka, shikamoo.

Naandika haraka, ni saa ya mapumziko na chai inapoa. Nimeliona jina lako kwenye orodha! Umejiandikisha kweli, na wala hukukosea hata herufi. Wenzangu wamenipigia makofi, nitakueleza siku nyingine kwa nini. Usiogope kubonyeza. Ukikosea simu haikuumi.

Mwambie wifi nampenda.

Chiriku

22 Machi

Mdogo wangu Chiriku,

Salamu nyingi kutoka kwetu. Wifi yako hajambo, ila jicho la kulia sasa analiita mpangaji, eti lipo tu halichangii kitu.

Leo nimelipa maji nikiwa na taulo kiunoni. Wifi yako alicheka mpaka akashika ubavu. Alisema, "Ofisi ya maji wangekuona!" Ujumbe ulipoingia niliusoma mara mbili kwa sauti, kisha nikaunakili kwenye daftari na tarehe yake. Najua unasema haina haja. Niache na daftari langu.

Zile pesa za sandukuni nilizipeleka kwenye tawi la benki mwenyewe. Binti wa pale alizipitisha kwenye mashine, zikalia trrr kama cherehani, mara moja tu, miaka mitatu ikawa imekwisha kuhesabiwa. Nilirudi nyumbani mikono mitupu, nikalala usingizi mzuri. Sasa nawahubiria hata majirani. Nawaambia mdogo wangu yumo humohumo ndani ya benki, mnaogopa nini?

Nilikupigia simu mara mbili nikupashe habari. Ya kwanza ulisema, "Ehe, ehe, halafu?" Ya pili ukasema, "Kaka, si nimeshakwambia!" Silaumu. Kumpigia kiziwi kelele kunachosha. Ndiyo maana napenda barua, kwenye barua hunikatizi.

Kaka yako,
Muhuri

14 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Nisamehe kwa zile simu. Mtu akizungumziwa siku nzima, jioni hata sauti ya kaka yake anaisikia kama ya mteja.

Nimehamishwa. Siko tena kwenye simu, niko dawati la malalamiko. Wanaandika watu ambao pesa zao zimetoweka, mimi nawajibu. Majibu yapo matatu, yamekwisha kuandikwa, mimi nachagua moja na kuweka jina la mtu juu. Chumba hakina kelele. Nilidhani nitakipenda.

Nimeomba likizo ya tarehe 21 Mei. Wakininyima nitaomba tena. Mwambie wifi asishone mpaka siku hiyo, apumzike.

Nimefurahi kuhusu taulo.

Chiriku

5 Juni

Mdogo wangu,

Salamu. Sisi wazima. Mvua zimekuwa nyingi.

Niliusoma ujumbe wako, umekasirika kunyimwa likizo, lakini hukukosa kitu. Upasuaji umesogezwa mbele. Daktari amesafiri na hawajui atarudi lini. Wametuambia tusubiri.

Nimerudi kulipia dirishani. Simu yangu haikai na chaji, tena kutembea ni kuzuri kwa mtu wa umri wangu.

Wifi yako anakusalimu. Jicho ni hivyohivyo.

Kaka yako

20 Juni

Kaka,

Shikamoo. Barua yako haina utani hata mmoja. Nimeisoma mara tatu nikiutafuta.

Hospitali gani inaahirisha upasuaji bila kutoa tarehe nyingine? Na simu isiyokaa na chaji inanunuliwa betri. Nimekupigia siku nne mfululizo, inaita tu hadi inakatika. Simu iliyozima haiiti, Kaka. Kuna jambo.

Ningeweza kuifungua akaunti yako hapahapa nikaona. Lakini tumekatazwa kuangalia za ndugu zetu, na kila tunachofungua kinabaki kimeandikwa. Sitaki kukuchungulia. Nataka uniambie.

Je, ni mimi nimekuudhi?

Chiriku

29 Julai

Mdogo wangu,

Salamu. Yule mpiga kinanda ameshajua hata wimbo mmoja? Natumaini unakula vizuri.

Hukuniudhi. Usifikirie hivyo.

Wifi yako ameuza cherehani. Amechoka kushona, na aliyeinunua ni fundi kijana mwenye bidii. Nyumba imekuwa na nafasi. Jicho la kulia limezima. La kushoto anaona kama mtu anayetazama kupitia bomba, katikati tu. Hospitali wanasema kuna kifaa wanakisubiri.

Usitume chochote kwa simu. Ukituma sitakipokea.

Kaka yako

7 Agosti

Kaka,

Shikamoo.

Leo nimepiga simu kliniki ya macho. Daktari hajasafiri. Hakuna kifaa kinachosubiriwa. Muuguzi amefungua kitabu akanisomea. Tarehe 21 Mei mlikuwa namba mbili na hamkutokea. Mwezi wa sita ulikwenda peke yako kuomba wasogeze mbele. Mwezi wa saba ukaenda tena. Amesema, "Mzee ni mpole sana, ila hataki kusema sababu."

Cherehani ya wifi, Kaka. Ile aliyokuja nayo siku ya ndoa yenu.

Sikuulizi tena kama kuna jambo. Nakuuliza ni jambo gani.

Chiriku

18 Agosti

Chiriku,

Nimekaa na karatasi hii siku tatu. Wifi yako yuko nje anaota jua, anadhani naandika salamu.

Ilikuwa tarehe 6 Mei, saa nne asubuhi. Wifi yako alikwenda kwa jirani kumpima mtu gauni. Simu ikalia. Sauti ya binti, ya adabu kabisa. "Shikamoo, baba." Akasema anatoka benki, kuna mtu anajaribu kuchukua pesa zangu dakika hiyohiyo, na yeye anataka kuzifungia asiweze. Moyo ulinipasuka. Nikamwambia binti, sikio langu halisikii vizuri, sijui kama nitakuelewa. Akasema, "Pole, baba. Nitasema taratibu. Usiwe na wasiwasi, nina muda."

Na kweli alisema taratibu. Nikimwambia sijasikia, anarudia. Hakuguna hata mara moja. Sijui lini mara ya mwisho mtu alizungumza nami kwenye simu namna ile.

Nikamwambia mdogo wangu anafanya kazi huko kwenu. Akauliza, nani huyo? Nikamtajia jina lako. Akacheka, kicheko kizuri, akasema, "Ah, huyo! Nakaa naye meza moja. Anakuongelea sana wewe, baba."

Nilifurahi, Chiriku. Hapo ndipo nilipofurahi. Nikawaza, kumbe huko aliko ananiongelea.

Baada ya hapo angeniomba hata funguo za nyumba ningempa. Akaniomba namba ya siri, nikamsomea. Akasema kuna tarakimu sita zitaingia kwenye simu, nizisome. Nikazisoma moja moja kwa sauti, kama nilivyokuwa nikisoma namba za ankara dirishani. Akasema, "Asante, baba, sasa pesa zako ziko salama." Nikamshukuru. Nikamwombea maisha marefu.

Ujumbe uliofuata ulionyesha hakuna kilichobaki.

Nilikwenda kwenye tawi la benki. Nikachukua kikaratasi cha foleni, nikakaa. Ukutani kulikuwa na bango kubwa limeandikwa usimpe mtu yeyote namba yako ya siri. Liko pale siku zote, nililipita siku ile nilipopeleka pesa. Nikachukua fomu ya malalamiko. Ndani yake kuna swali linasema, je, una ndugu anayefanya kazi katika benki hii? Nikaona nikiandika ndiyo, watasema wewe ndiye uliyeuza habari zangu. Nikiandika hapana, nitakuwa nimekukana. Walipoita namba yangu nilikuwa nimeshafika mlangoni.

Wifi yako nilimwambia daktari amesafiri. Baadaye nikamwambia kifaa. Kila asubuhi naamka nikipanga kumwambia, kisha naona anavyonisikiliza kwa kuelekeza uso wote, nanyamaza. Yeye hajui. Nakuomba usimwambie.

Mimi niliyekuwa nikiwafundisha makarani wapya kwamba usigonge muhuri kabla hujahesabu.

Kaka yako

27 Agosti

Kaka yangu,

Shikamoo. Nimeisoma barua yako chooni kazini, maana ndipo penye mlango.

Kwanza, nakuja. Safari hii siombi ruhusa. Jumatatu nitakuwa hapo na tarehe nyingine ya upasuaji, nimekwisha kuzungumza na muuguzi. Pesa nimekopa kazini, zitakatwa kwenye mshahara wangu. Usibishane nami.

Pili, nina la kwangu nililonyamazia. Desemba iliyopita benki ilitoa agizo kwamba kila mfanyakazi alete watu kumi wapya wa kulipia bili kwa simu. Nilikuwa na tisa. Mwisho wake ulikuwa mwezi wa pili, na kila wiki msimamizi alikuwa akisoma majina ya waliopungukiwa mbele ya wote. Wifi kujikwaa ilikuwa kweli, na kweli niliumia. Lakini barua ile, Kaka, niliiandika nikiwa nahesabu. Wewe ulikuwa wa kumi. Ndiyo maana walinipigia makofi. Walinipa mwavuli wenye nembo ya benki.

Nilikuandikia ukurasa mzima wa namna ya kubonyeza. Sikukuandikia hata mstari mmoja kwamba benki haimpigii mtu kumwuliza namba ya siri. Nilikuwa nikilisema jambo hilo kwenye simu kwa watu nisiowajua mara arobaini kwa siku. Kwako wewe nilidhani unajua. Au sikudhani chochote, nilikuwa na haraka.

Na kitu kingine. Sikuwa nakuongelea kazini. Yule mwizi alikudanganya hata hapo. Hakuna aliyejua nina kaka.

Chiriku

16 Oktoba

Kaka yangu,

Shikamoo. Nilifika salama, nikakuta kinanda kimeuzwa. Wifi aendelee kuweka dawa ya matone mara nne kwa siku hata kama anasema inawasha.

Barua hii isome yote kwa sauti mbele yake. Usiruke kitu. Najua unavyorukaga.

Benki imejibu malalamiko tuliyoyaandika pamoja. Mimi hawakuniruhusu kuyagusa kwa kuwa ni ndugu, kwa hiyo aliyejibu ni mwenzangu tunayekaa meza moja kweli. Amechagua jibu la pili, linalosema mteja alitoa namba yake ya siri kwa hiari yake mwenyewe, hivyo benki haiwajibiki. Hakuweza kuniangalia. Simlaumu, sentensi hiyo nimewatumia watu nisioweza kuwahesabu. Nilikuwa naiona ni sentensi fupi tu. Kwa hiari yake mwenyewe! Sasa nimeiona ikiwa na jina lako juu.

Kazi sijaacha. Mkopo hauniruhusu. Nimeomba wanirudishe kwenye simu, wamekubali. Akipiga mzee asiyesikia, narudia mpaka aelewe. Taa nyekundu inawaka, naiacha iwake. Nimekwisha kupewa onyo moja la maandishi.

Sasa sikiliza vizuri. Wifi, nisamehe, ulinikataza, lakini siwezi kuwaacha nyinyi wawili hivyo.

Kaka, wifi anajua. Aliniambia jikoni siku ya pili baada ya upasuaji, bandeji bado iko jichoni. Anajua tangu Mei. Alisema, "Siku ile alirudi kutoka benki akakaa kitandani na viatu vyake mpaka alasiri. Kaka yako hajawahi kuingia chumbani na viatu." Alimwomba jirani amsomee zile meseji ulipokuwa dukani. Cherehani aliiuza ili ulipe kodi bila kulazimika kumtungia uongo mwingine. Nikamwuliza, "Wifi, kwa nini hukumwambia? Jicho lilikuwa linakufa, kwa nini hukumwambia, tukatafuta pesa mapema?" Akasema, "Niliogopa. Akijua kwamba najua, ataona aibu hata ya kunishika mkono kunivusha barabara. Nitabaki na macho, na yeye simpati tena."

Nimebeba maneno hayo wiki tatu. Yamenishinda.

Mdogo wenu,
Chiriku

2 Desemba

Mdogo wangu Chiriku,

Marahaba, na pole na kazi. Tumepokea barua na zile dawa za matone. Wifi yako anasema zinawasha, na anaweka.

Nilisoma kwa sauti kama ulivyoagiza. Nilipofika pale pa viatu sikuendelea. Wifi yako akasema, "Malizia." Nikamalizia. Alinyoosha mkono akawa anautafuta wangu juu ya meza. Niliuona unavyotafuta, na kwa sekunde chache sikuusogeza wangu, kwa aibu, kama alivyosema yeye. Halafu nikausogeza. Nilimwomba msamaha. Akasema, "Nami." Tumeishi miezi mitano kila mmoja akimchunga mwenzake asijue, na jicho likaenda hapo katikati.

Juzi tulirudi kliniki. Daktari amesema upasuaji umefanya kazi yake. La kulia hakuna, la kushoto limebaki kipande. Anaona dirisha, anaona mtu akisimama mbele ya dirisha. Uso haoni. Aliniuliza kama nimezeeka, nikamwambia sana. Akasema yeye ataniacha pale aliponiona mara ya mwisho.

Kuhusu ule mwavuli, utumie. Mvua hainyeshi kwa kuchagua. Na kuwa wa kumi si kitu, mradi hukuniona wa kumi ulipokuwa umeshika mkono wangu pale wodini. Hilo la kwamba hukuwa ukiniongelea ndilo lililoniuma, sitakuficha. Lakini heri uliniambia.

Nina habari nyingine. Mwezi uliopita tulikwenda wote wawili kulipa maji. Dirisha langu limefungwa. Wamepigilia ubao, na juu yake karatasi inasema malipo yote sasa ni kwa simu. Ndani nimeona wameweka maboksi pale kilipokuwa kiti. Mlinzi alinikumbuka, akasema, "Bwana Muhuri, hata wewe?" Kulikuwa na watu kama kumi wamesimama tu pale nje na ankara mkononi, wengine wazee kuliko mimi. Hakuna aliyetaka kuwa wa kwanza kuondoka.

Nikamwambia wifi yako sitaigusa tena ile simu, acha maji yakatwe. Tulipofika nyumbani akaniambia, "Itoe. Tukae wote."

Tulikaa ukingoni mwa kitanda. Nikawa nasoma kila kitu kwa sauti. Nikasema wanauliza namba ya mita. Akasema waandikie. Nikasema wanauliza namba ya siri. Akanishika mkono kwa nguvu.

"Nani anauliza?"

"Simu yenyewe."

"Hakuna mtu?"

"Hakuna mtu."

Akaniachia. Nikakosea mara mbili, mara ya tatu ikakubali. Tukasubiri. Ujumbe ukaingia.

"Wamepokea?"

"Wanasema wamepokea."

"Na wewe unasemaje?"

Niliuangalia ule ujumbe mpaka kioo kikazima chenyewe.

Kesho yake niliamka nikakuta upande wake wa kitanda hauna mtu. Nilimkuta jikoni, amefungua bomba, ameweka mkono chini yake, anayaacha maji yapite. Hakugeuka, ila alijua niko mlangoni.

"Bado yapo," akasema.

Nikamwambia ndiyo, bado yapo. Nikaenda nikasimama karibu naye.

Kaka yako,
Muhuri